Karani wa Tukuyu na Njia za Elimu ya Jamii

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika sosholojia afikaye leo katani Msasani, mjini Tukuyu, akiwa na kibali cha utafiti kilichokwisha kupita mkoani na wilayani kabla ya kuwekwa mezani kwa mtendaji wa kata, aghalabu hana habari kwamba elimu aifuatayo ina historia kongwe katika wilaya hii ya Rungwe, na kwamba historia hiyo ina deni.

Mnamo mwaka 1934 alifika huku kijana Mwingereza, Godfrey Wilson, na mwaka uliofuata mkewe Monica, binti wa wamisionari wa Afrika Kusini, ambaye alikwisha kutunukiwa shahada ya uzamivu na Chuo Kikuu cha Cambridge kwa utafiti wake juu ya Wapondo wa nchi yake. Walifuata madhehebu ya Bronisław Malinowski, mwalimu mashuhuri wa London, aliyefundisha kuwa mtafiti sharti aishi na watu, ajue lugha yao na kushuhudia kwa macho yake kazi zao na misiba yao. Kilichowashughulisha mno ni desturi ya wenyeji, Wanyakyusa, ya vijiji vya marika: wavulana wenye umri wa miaka kama kumi walitoka nyumbani kwa baba zao, wakajenga vibanda vyao kando, wakawa wanarudi kula kwa mama zao, hata walipokua na kuoa kile kibanda cha mchezo kikawa kijiji kamili.

Lakini mgeni hasikii neno ila kwa hisani ya mwenyeji. Leonard Mwaisumo, Mnyakyusa aliyezaliwa mwaka 1910, ndiye aliyekuwa karani wao, naye alitarjumi, aliandika na kuwafungulia milango ambayo kwa Mzungu, tena katika zama za utawala wa Kiingereza, ingalibaki imefungwa. Mwaka 1938 Mwaisumo alifariki; mwaka huo huo Godfrey akawa mkurugenzi wa kwanza wa Taasisi ya Rhodes-Livingstone, Rhodesia ya Kaskazini. Godfrey naye alifariki mwaka 1944, na Monica, kwa subira ya kustahili sifa, akatoa kitabu chake juu ya vijiji vya marika mwaka 1951, akawa profesa Cape Town mwaka 1952. Maarifa yaliyokusanywa chini ya migomba ile ile yalimpa mmoja ukurugenzi na mwingine uprofesa, ilhali kwa karani hapakuwapo ngazi yoyote ya kupanda.

Njia nyingine ya elimu hii, ile ya kuitumikia serikali, ilidhihirika katika miaka ya hamsini, pale Philip Gulliver, mwanasosholojia aliyeajiriwa na serikali ya Tanganyika, alipochunguza uhaba wa ardhi na safari za Wanyakyusa kwenda migodini.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1961 chini ya Chuo Kikuu cha London na kusimama peke yake mwaka 1970, kiliwafungulia wenyeji mlango wa ngazi ile aliyoikosa karani. Kijana wa Msasani anaweza sasa kusomea uzamili, akatunga dodoso, akatetea tasnifu, kisha akawa mhadhiri, mtafiti wa taasisi ya afya, ofisa wa maendeleo ya jamii au mtathmini wa miradi ya asasi. Hata hivyo wasaidizi wa utafiti, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na kutafsiri maswali kwa Kinyakyusa, wangali wakilipwa ijara ya siku, na majina yao, yakitajwa, hutajwa katika ukurasa wa shukrani. Kwa itikadi yangu, anayeandika nusu ya ushahidi anastahili jina lake kuwekwa juu ya jalada, na chuo kinachomtumia kinapaswa kumtengea nafasi ya masomo.