Draft ya FPL: Pima Beki Vizuri Kabla Umchukue

Msimu wa EPL ukikaribia, hapa 64 kila base inapanga draft yake. Kuanzia hosteli za Annex na Chepkoilel hadi mabanda ya mechi kule Langas, wasee wanachanga soo tano tano, na mwenye ataburuta mkia Mei anagharamia choma ya wote. Hiyo si bill ndogo. Na wengi huangushwa na mabeki, juu wanachagua jina badala ya kuangalia kazi.

Draft inaendaje?

Hatusemi ile drafti ya vifuniko vya soda. Kwa FPL Draft, mchezaji akishachukuliwa na msee mmoja kwa ligi yenu, hakuna mwingine anampata. Hakuna bajeti, hakuna kapteni. Mkiwa wanane, raundi ya kwanza inatoka namba 1 hadi 8, ya pili inarudi 8 hadi 1. Kila mtu anamaliza na wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na mastraika 3.

Pointi za beki zinatoka wapi?

- Akicheza dakika 60 au zaidi: 2. Chini ya hapo: 1.
- Timu isipofungwa na amefikisha dakika 60: 4.
- Goli: 6. Straika hupewa 4 pekee. Asisti: 3.
- Kila magoli 2 timu ikifungwa akiwa uwanjani: anakatwa 1.
- Kadi ya njano anakatwa 1, nyekundu 3.
- Kazi chafu: 2.

Hiyo ya mwisho iliingia msimu wa 2025/26. Hesabu mara ambazo beki ameondoa mpira wa hatari, amezuia shuti, amekata pasi na amenyang'anya mpira. Zikifika 10 kwa mechi moja, anaokota 2. Hata akifikisha 20, bado ni 2.

Vipimo vinne

*1. Dakika.* Beki mkali anayekalia benchi ni picha tu. Angalia kama anaanza kila wiki na kama ni mtu wa kuumia ovyo.

*2. Ukuta wa timu.* Msimu wa 2024/25 Arsenal walifungwa magoli 34, machache kuliko timu yoyote. Lakini kipa wao David Raya alimaliza na mechi 13 bila kufungwa, sawa na Matz Sels wa Nottingham Forest. Kwa hivyo usiangalie jezi. Angalia ukuta.

*3. Kazi chafu.* Hapa ndio beki wa kati wa timu ndogo anaamka. Tuseme wamepigwa 1-0 lakini amefikisha zile 10: 2 za dakika na 2 za kazi, jumla 4. Beki wa timu kubwa amepigwa 1-0 hiyo hiyo bila kuguswa sana: 2. Fulbeki wa kupanda na kushuka mara nyingi hafikishi 10, kwa hivyo lazima alete asisti.

*4. Hatari mbele.* Uliza nani anapiga kona na frikiki, na nani anazipiga kichwa. Andrew Robertson alifikisha pointi 213 msimu wa 2018/19, akisukumwa na asisti na mechi za Liverpool bila kufungwa. Mwaka wa 2024/25, Joško Gvardiol wa City na Nikola Milenković wa Forest walifunga magoli 5 kila mmoja.

Beki akipita vipimo viwili, huyo ni wa benchi. Vitatu, anaanza. Vyote vinne, huyo usimwachie mtu.

Umchukue raundi gani?

Piga hesabu. Watu wanane mara mabeki 5 ni 40. EPL ina timu 20, na kila moja huanzisha angalau mabeki watatu, nyingi wanne. Hiyo ni zaidi ya 60 wanaocheza. Maana yake, beki wa kawaida hataisha. Mkali wa vipimo vinne ndiye huisha haraka.

Kwa hivyo raundi za kwanza tafuta magoli. Beki mmoja mkali mchukue mara tu wenzako wakianza kugombania mabeki, hasa ukiwa namba 1, juu kati ya chaguo lako la kwanza na la pili wengine watachagua mara 14. Wale wanne waliobaki waache raundi za mwisho, na hapo ndipo uvue watu wa kazi chafu wenye hakuna mtu anataka jina lao.

Draft ikiisha, usilale. Kila wiki kuna foleni ya kuomba wachezaji walioachwa, na inafungwa saa 24 kabla ya deadline. Beki akipoteza namba, mtoe. Choma ya watu wanane mtu hajifanyii.