Nani Akeshe? Historia ya Kitufe Kisicho na Waya

Mwaka 1898, katika maonyesho ya umeme kwenye ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York, Nikola Tesla aliweka mashua ndogo ya chuma ndani ya hodhi la maji na kuiongoza bila kamba wala waya. Aligeuza swichi kwenye kisanduku chake, mashua ikakata kona; akageuza tena, taa zake zikawaka. Baadhi ya watazamaji walidai kwamba anaiendesha kwa nguvu ya mawazo, na wengine wakashuku kuna nyani aliyefunzwa amefichwa ndani. Novemba ya mwaka huohuo Tesla alipewa hataza namba 613,809.

Watu walistaajabia ile nafasi tupu kati ya mkono na mashua. Wachache walijali kwamba mashua ilibeba betri nzito, na kwamba kipokezi chake kilipaswa kuwa macho muda wote kikingoja ishara ambayo pengine isingekuja. Kubonyeza ni tendo la nukta moja. Kusubiri kubonyezwa ni kazi ya kutwa kucha. Tangu siku hiyo, kila aliyeunda kitufe kisicho na waya amelazimika kuamua nani akeshe, na kwa umeme wa nani.

Mhispania Leonardo Torres Quevedo alifuata na mtambo wake wa Telekino, akaongoza mashua katika bandari ya Bilbao mwaka 1906 mbele ya mfalme Alfonso XIII. Kisha vita vikaichukua teknolojia hiyo kwa kazi zake. Sebuleni ilifika kwa kuchelewa: kampuni ya Philco iliuza redio za mwaka 1939 zikiwa na kisanduku cha mbali chenye kizungusho kama cha simu ya mezani, kikitumia betri na mawimbi ya redio.

Somo kubwa zaidi lilitoka kwa kampuni ya Zenith ya Chicago. Mwaka 1955 mhandisi wake Eugene Polley alitoa rimoti ya mwanga, Flash-Matic, iliyofanana na tochi. Ulimulika kona moja ya televisheni kati ya nne, na kihisio cha mwanga kikatii. Bahati mbaya jua la dirishani nalo lilikuwa mwanga, na televisheni ilibadili stesheni yenyewe. Mwaka uliofuata mwenzake Robert Adler, mzaliwa wa Vienna, alikuja na njia nyingine. Watu wa mauzo walikuwa wamekataa rimoti yenye betri, kwa hofu kwamba betri ikiisha mteja atadhani televisheni yenyewe imekufa. Adler akaweka ndani ya rimoti fimbo nne za alumini zenye urefu tofauti. Kila kitufe kiliachia nyundo ndogo igonge fimbo yake, nayo ikatoa mlio wa juu kupita uwezo wa sikio la binadamu. Rimoti haikuhitaji betri hata moja. Gharama yote ilihamia kwenye televisheni, ambayo iliongezewa valvu sita za kusikiliza na bei yake ikapanda kwa karibu theluthi moja. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika historia hii: aliyechomekwa ukutani ndiye akeshe. Rimoti za mlio zilidumu kwa miongo miwili na zaidi, hadi mwanga wa infraredi ulipozishinda.

Vienna hiyohiyo ilimtoa Hedy Lamarr, nyota wa sinema za Hollywood, ambaye pamoja na mtunzi wa muziki George Antheil alipata hataza mwaka 1942 kwa mfumo wa kuongoza torpido kwa mawimbi yanayorukaruka kati ya masafa 88, idadi ileile ya vibao vya piano. Siku hizi husemwa kwamba Lamarr ndiye aliyevumbua Bluetooth. Huko ni kutia chumvi. Wazo la kurukaruka masafa lilikuwapo kabla yake, na jeshi la majini la Marekani halikuitumia hataza hiyo katika vita vile. Lakini kanuni aliyoieleza ni ya kweli: anayetaka kusikika penye kelele asing'ang'anie mahali pamoja.

Na kelele zilikuwa zinakuja. Mkutano wa kimataifa wa mawasiliano uliofanyika Atlantic City mwaka 1947 ulitenga vipande vya masafa kwa mitambo ya viwanda, sayansi na tiba. Kimojawapo ni kile cha gigahezi 2.4, ambacho tanuri za maikrowevu hukitumia kupasha chakula. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu vifaa vya mawasiliano visivyo na leseni kutumia vipande hivyo, mradi vitawanye ishara zao. Ndiyo sababu leo Wi-Fi, Bluetooth na jiko la jirani vinagombea anga moja.

Kampuni ya Ericsson iliingia uwanjani kutoka mji wa Lund, Uswidi. Mhandisi Mholanzi Jaap Haartsen alianza mwaka 1994 kubuni redio ya masafa mafupi ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mei 1998 Ericsson, Intel, Nokia, IBM na Toshiba waliunda umoja wa kusimamia kazi hiyo, wakaipa jina la Bluetooth, yaani Blåtand kwa Kiingereza, kutokana na Harald Blåtand, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, kwa pendekezo la Jim Kardach wa Intel. Redio hiyo iligawa anga katika chaneli 79 na kuruka mara 1,600 kwa sekunde.

Afrika Mashariki tuliijua Bluetooth hiyo kwa kurushiana nyimbo za bongo fleva na video, simu mbili zikiwekwa ubavu kwa ubavu. Kwa faili ilifaa. Kwa kitufe ilikuwa balaa. Kifaa kilichounganishwa kilipaswa kuamkaamka kulinda muungano, na kutafutana upya kulichukua sekunde kadhaa. Nani abonyeze kengele kisha asubiri sekunde tano? Mwandishi wa programu naye alifungiwa milango. Simu za Java zilipata njia rasmi ya kuifikia Bluetooth mwaka 2002, Android ikaifungua mwaka 2009 kwa toleo la 2.0, lakini kwenye iPhone mtengenezaji wa kifaa alihitaji kwanza leseni ya Apple.

Mabadiliko yalitoka Nokia. Oktoba 2006 ilitangaza redio ya matumizi madogo ya umeme iliyoitwa Wibree. Mwaka uliofuata kazi hiyo ikaingizwa katika umoja wa Bluetooth, na mwaka 2010 ikatoka ndani ya toleo la 4.0. Wabunifu wake waliirudia hesabu ya Adler, wajue wasijue. Kitufe kina betri ya kidonge aina ya CR2032, volti 3, yenye uwezo wa takriban miliampea-saa 220. Simu ya kawaida ya leo ina 5,000 na huchajiwa kila usiku. Basi kitufe kilale, simu ikeshe.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Kitufe kikibonyezwa, chipu huamka na kujitangaza kwa ujumbe usiozidi baiti 31 kwenye chaneli tatu tu, namba 37, 38 na 39, zilizochaguliwa zipite kando ya chaneli za Wi-Fi zenye msongamano. Simu ikisikia, inaweza kuomba muungano. Ndani ya kitufe inakuta jedwali: huduma, na chini ya kila huduma sifa zake, kila moja na namba. Huduma ya betri ni 0x180F na kiwango cha betri ni 0x2A19, iwe kifaa kimetoka Shenzhen au Stockholm. Programu haina haja ya kuuliza kila mara kama kitufe kimeguswa. Inaandika mara moja 1 kwenye kielezo 0x2902 cha sifa inayohusika, yaani ukibonyezwa niarifu, kisha inangoja.

iPhone 4S ya Oktoba 2011 ndiyo simu janja ya kwanza kubeba redio hiyo, na safari hii Apple haikudai leseni kwa kila kifaa. Android ilifuata kwa toleo la 4.3, Julai 2013. Mlango ulipofunguka vidude vikamiminika. Kampuni changa ya Uswidi ilichangisha fedha mtandaoni mwaka 2014 ikauza Flic, kitufe cha kubandika popote ambacho mtumiaji anakipangia kazi kwenye simu. Viwanda vya China vikatoa vidude vya kutafutia funguo vya bei ya chini kabisa, ambavyo vingi hutumia huduma 0xFFE0 na sifa 0xFFE1, namba zilezile za msimbo wa mfano uliotolewa na Texas Instruments kwa chipu zake. Ukibonyeza, simu hupokea baiti moja. Vingi havina ulinzi wowote: yeyote aliye karibu anaweza kuunganisha simu yake kwenye ufunguo wako na kuupigisha king'ora.

Kitufe kimoja kilichoenea sana, hata hivyo, hakihitaji programu maalumu. Ni kile cha kupigia selfi, kinachouzwa pamoja na vijiti vyake Kariakoo na kwenye maduka ya simu kila mji. Huiambia simu kwamba chenyewe ni kibodi, na kila kinapobonyezwa hutuma amri moja ya kuongeza sauti, ambayo programu nyingi za kamera huichukua kama amri ya kupiga picha. Ni ujanja wa fundi, na unafanya kazi vizuri kuliko mifumo mingi iliyochorwa kwa mikutano.

Kuandika programu ya kusikiliza kitufe cha aina nyingine ndiko kunakotoa jasho. Android hutaka jambo moja kwa wakati mmoja; ukiandika amri ya pili kabla ya jibu la kwanza kurudi, ya pili inapotea kimyakimya. Kuna hitilafu namba 133, inayojulikana kwa kila aliyegusa kazi hii, ambayo haielezi chochote zaidi ya kwamba mambo hayakwenda. Kuanzia toleo la 6, mtumiaji aliyetaka kuwasha taa kwa kitufe aliombwa ruhusa ya mahali alipo, kwa kuwa vifaa vinavyojitangaza vinaweza kufichua ulipo. Sababu ni ya haki, lakini jaribu kumweleza mzazi wako kwa nini kengele inataka kujua anakoishi. Toleo la 12 la mwaka 2021 ndilo lililotenga ruhusa ya vifaa vilivyo karibu.

Hayo yote ni madogo mbele ya tatizo lenyewe: simu nayo imeanza kulala. Mwaka 2015 Android ilileta utaratibu wa kuzilaza programu simu ikiwa imetulia. Mwaka 2017 ikabana zaidi kazi za nyuma ya pazia, na utafutaji usio na kichujio ukawa unasitishwa kioo kikizimwa. Watengenezaji wa simu za bei nafuu huongeza makali yao wenyewe juu ya hayo. Mwandishi wa programu hujitetea kwa kuiachia chipu ya Bluetooth jukumu la kungoja, programu ikilala hadi itakapoamshwa, na mara nyingi hufanikiwa.

Serikali ya Uingereza ililipima jambo hili hadharani mwaka 2020. Programu yake ya kufuatilia maambukizi ya korona, iliyojaribiwa katika Isle of Wight, ilitegemea simu kusikiana kwa Bluetooth. Ilitambua asilimia 75 ya simu za Android zilizokuwa karibu, na asilimia 4 tu ya iPhone, kwa sababu iPhone iliilaza. Juni mwaka huo iliachwa, ukachukuliwa mfumo wa Apple na Google ambao kampuni hizo zilikuwa zimeuruhusu kukesha. Anayemiliki mfumo wa simu ndiye anayeamua sauti ya nani itasikika usiku, na kitufe cha mgonjwa kando ya kitanda kiko chini ya uamuzi huohuo.

Wakati huohuo vitufe visivyo na betri vimerudi. Kampuni ya EnOcean ya Ujerumani hutengeneza kiini cha swichi, PTM 215B, ambacho kwa nguvu ya kidole huzalisha umeme wa kutosha kurusha ujumbe mfupi wa Bluetooth, wenye sahihi ya siri na hesabu inayopanda kila mara ili mwizi asiweze kuurudia. Hakuna muungano wala kuulizana. Ni tangazo, kisha kimya. Simu inaweza kulisikia ikiwa tu inasikiliza katika nukta hiyo. Ndiyo maana swichi hizi huwekwa zaidi majengoni kuongoza taa, ambazo zimeungwa kwenye umeme wa ukutani na hazina betri ya kuhurumia.