Weka Sahihi Yako

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka juzi nilimwandikia mhariri wa gazeti moja barua, na sikuitia sahihi. Chini yake niliandika "Mkazi Mwenye Uchungu", basi. Barua yenyewe ilihusu kiwanja cha mtaani kwetu, upande wa mashariki mwa Nairobi, pale tulipocheza mpira wa makaratasi tangu hatujui kufunga kamba za viatu. Asubuhi moja tuliamka tukakuta kimezungushiwa mabati, na ile mijakaranda miwili iliyokuwa ikitupa kivuli imelala chini. Nani kakichukua? Hakuna aliyejua. Au tuseme kila mtu alijua na hakuna aliyetaka kusema.

Barua haikuchapishwa. Magazeti yana kanuni yao ya siku nyingi: unaweza kuomba jina lako lisitokee gazetini, lakini mhariri mwenyewe lazima alijue. Mimi hata mhariri sikumwamini. Nikabaki kulalamika kibandani, kikombe cha chai mkononi, ati nchi hii haisikilizi vijana.

Mama ndiye aliyenishika shati.

"Uliandika jina?"

"Hapana, Mama. Si unawajua hawa watu?"

"Nawajua. Niliwajua kabla hujazaliwa." Akanyamaza kidogo, halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Mimi nilimcheka Wangari, mwanangu. Nilimcheka kama wengine."

Hadithi aliyonipa siku ile ndiyo iliyonipeleka kusoma habari za mwaka 1989, na ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, hasa sisi tunaojiita waandishi.

Mwaka huo Mama alikuwa msichana wa miaka 22, anapiga taipu katika ofisi moja mjini. Mshahara wake haukuweza kununua chakula hotelini. Saa saba mchana yeye na wenzake walichukua chapati zao zilizofungwa gazetini wakaenda kukaa kwenye nyasi za Uhuru Park. Bustani hiyo ilifunguliwa rasmi na Rais Jomo Kenyatta mwaka 1969, na kwa mtu wa kipato kidogo ilikuwa ndiyo sebule. Wapenzi walikutana hapo, wahubiri wakahubiri, watoto wa mitaa iliyobanana wakaona ziwa na mashua. Hukulipa kiingilio wala hukuulizwa unatoka wapi.

Sasa, ndani ya bustani hiyo palipangwa kujengwa jumba la ghorofa 60. Ndiyo, 60! Lingekuwa refu kuliko majengo yote ya Afrika. Ndani yake kungekuwa na makao makuu ya KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria wakati huo, ofisi za gazeti la chama, Kenya Times, kumbi, maduka na maegesho ya magari 2,000. Mbele yake ingesimama sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama ilitajwa kuwa kiasi cha dola milioni 200, nyingi zikiwa za kukopa ng'ambo. Mshirika mkubwa wa mradi alikuwa Robert Maxwell, tajiri wa magazeti wa Uingereza.

Hebu fikiri jambo hilo. Gazeti, chombo ambacho kazi yake ni kuwapa watu habari, ndilo lililotaka kuchukua mahali ambapo watu walipashana habari bure.

Profesa Wangari Maathai alipopata fununu, alifanya jambo dogo sana. Alichukua kalamu. Mwanzoni mwa Oktoba 1989 alimwandikia mkurugenzi wa Kenya Times akimwuliza kama habari hizo ni za kweli. Hakujibiwa. Akaandika kwa Ofisi ya Rais, kwa wakuu wa mji, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa yanayohusika na mazingira na utamaduni. Akamwandikia pia Balozi wa Uingereza, akimwomba aseme na Maxwell, na akauliza kama Waingereza wangekubali jumba la namna hiyo katikati ya Hyde Park, London, au Wamarekani katika Central Park, New York. Nakala za barua aliwapa waandishi wa habari. Kila barua ilikuwa na jina lake na cheo chake: mratibu wa Green Belt Movement, jumuiya aliyoianzisha mwaka 1977 kwa kupanda miti 7 tu Kamukunji.

Kumbuka hali ilivyokuwa. Redio ilikuwa ya serikali, televisheni ya serikali, chama kimoja. Watu walikuwa wamewekwa kizuizini kwa maneno madogo kuliko hayo. Mtu mwenye maoni aliyasema kwa sauti ya chini, akigeuza shingo kwanza kuangalia nani yuko nyuma.

Majibu yalikuja, lakini tazama yalivyokuja. Tarehe 8 Novemba 1989 Bunge liliacha shughuli zake likamjadili yeye. Lingeweza kujadili gharama ya jumba, au deni, au mahali pa watu kupumzika. Badala yake wabunge walisema jumuiya yake ni ya uongo na kwamba wanachama wake ni kundi la wanawake walioachika. Manake ndoa yake ilikuwa imevunjika mwaka 1979, na mji mzima ulijua. Wakauliza ana haki gani kuwaandikia wageni kabla ya kuwauliza wabunge. Wiki moja baadaye shughuli ya kuanza ujenzi ikafanyika na uzio ukasimamishwa bustanini. Tarehe 12 Desemba, sikukuu ya Jamhuri, Rais mwenyewe alisimama Uhuru Park akasema kwamba wanaopinga mradi wana wadudu vichwani, na kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na hukaa kimya. Hata viongozi wa Maendeleo ya Wanawake, chama cha wanawake wenyewe, walijiunga kumlaani.

Hapo ndipo Mama anapoingia katika historia hii, ingawa hakuna kitabu kinachomtaja.

"Ofisini tulisoma gazeti kwa zamu," aliniambia. "Yale ya walioachika yalituchekesha. Tukasema, huyu mama angekuwa na mume wa kumtuliza, asingehangaika na majengo ya watu. Halafu saa saba tukachukua chapati zetu tukaenda bustanini, tukakuta mabati. Tukakaa upande wa pili wa mabati tukila, na bado tunacheka."

Nimelifikiria sana neno hilo la Mama. Nadhani hivyo ndivyo hoja ya bustani ilivyogeuzwa kuwa hoja ya adabu. Ukiweza kuwafanya watu wabishane kama mwanamke fulani ana heshima au hana, hawatauliza tena nani atalipa deni. Na adabu ni kitu tunachokipenda. Tumelelewa nacho. Mtoto asimjibu mkubwa, mke asimkatize mume, kijana asisimame mzee akiwa anasema. Mengi ya hayo ni mazuri, sitaki kuyabeza. Lakini tangu lini adabu ikawa kumwacha mwenye nguvu achukue cha wote, nawe ukaangalia pembeni?

Wangari aliwajibu. Aliwaambia, kwa maneno ambayo yamekuwa mashuhuri, kwamba suala lililoko si maumbile ya mwili wa mwanamke bali kile kilicho juu ya shingo yake, yaani akili. Kisha akarudi kwenye hoja yake: bustani. Hakutukana ndoa ya mtu. Nimesoma habari zake nyingi nikitafuta mahali alipowarudishia tusi kwa tusi, sikupaona.

Je, alishinda mara moja? La hasha! Alikwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe, akakataliwa. Jumuiya yake ilifukuzwa katika ofisi ya serikali iliyokuwa ikitumia, ikabidi ihamie nyumbani kwake, mafaili na wafanyakazi wote, hadi vyumba vikajaa. Lakini barua zilikuwa zimekwisha tembea. Wananchi wa kawaida nao walikuwa wameanza kuwaandikia wahariri wakiuliza habari za bustani yao. Wafadhili wa nje, waliokuwa wakiombwa misaada na serikali hiyohiyo, nao wakaanza kuuliza inakuwaje nchi inayoomba msaada inakopa kujenga jumba la namna hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 1990 wawekezaji wakarudi nyuma na mpango ukapunguzwa. Mwaka 1992 uzio ukang'olewa. Wanawake wa Green Belt walikwenda bustanini wakacheza ngoma, wakazika mradi ule kama mtu anavyomzika marehemu.

Lazima tuwe wakweli hapa. Barua peke yake haikulizuia jumba. Lililolizuia ni fedha kukosekana. Lakini fedha zisingekosekana kama wenye fedha wasingeulizwa maswali, na wasingeulizwa kama mtu mmoja asingeandika barua ya kwanza, akaweka jina lake chini. Mnyororo huo ndio ninaotaka tuuone.

Na haukukatika pale. Mwaka huohuo wa 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikaa Uhuru Park wakisusia chakula, wakidai wana wao watolewe. Wasingekuwa na pa kukaa kama pangekuwa na jumba. Mwaka 1998 ikajulikana kwamba sehemu za msitu wa Karura, ambao uko mlangoni mwa jiji na una ukubwa wa hekta zipatazo 1,000, zilikuwa zimegawiwa watu binafsi. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari alikwenda kupanda mti langoni mwa msitu huo akashambuliwa na kundi la wanaume, akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha taarifa, akaambiwa atie sahihi. Alichovya kidole katika damu iliyokuwa ikimtoka kichwani akaweka alama kwenye karatasi.

Nilipoisoma habari hiyo nilikiweka kitabu chini. Nikamkumbuka yule "Mkazi Mwenye Uchungu". Uchungu gani?

Wanafunzi wa vyuo vikuu walitoka barabarani kwa ajili ya Karura, na Agosti 1999 Rais yuleyule alitangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Leo ukienda Karura utakuta watu wakikimbia asubuhi na watoto wa shule wakihesabu nyani. Mwaka 2004 Wangari alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Alifariki mwaka 2011. Na mwaka 2020, ujenzi wa barabara kuu ya juu ulipotaka kuung'oa mgumo mkubwa wa Westlands, watu waliandika, wakapiga kelele, wakasimama chini yake, na mwezi Novemba ukatoka uamuzi kwamba mti usiguswe. Ukipita Waiyaki Way, utazame.

Sasa turudi kwetu. Kizazi chetu hakina njaa ya maoni. Tunayo ya kila habari: waziri kafanya nini, dada fulani kavaa nini, nani kamwacha nani. Lakini nikituangalia kwa makini, mara nyingi namwona yule mbunge wa mwaka 1989. Mtu akisema mto wetu unanuka, tunauliza kabila lake. Akisema msitu unaliwa, tunauliza kwa nini hajaolewa. Tunaficha majina yetu, tunarusha jiwe, tunacheka, tunaenda kula chapati upande wa pili wa mabati. Wapo wanaoficha majina kwa sababu ya hatari ya kweli, hao siwalaumu hata kidogo. Mimi sikuwa katika hatari hiyo. Nilikuwa mvivu aliyevaa nguo za mwoga.

Mama hakunihubiria. Alisema tu, "Kama ningeandika mstari mmoja wakati ule, leo ningekuwa na cha kukuonyesha." Kisha akaenda kuchambua maharagwe.

Usiku ule niliandika upya. Niliondoa maneno makali yote, na kumbe barua ilipungua nusu! Nikaacha maswali matatu: kiwanja ni namba ngapi, nani alikiidhinisha, na watoto wa mtaa watacheza wapi. Nakala moja kwa mhariri, moja kwa ofisi ya ardhi, moja kwa mwakilishi wetu wa wadi. Mama akavaa miwani, akasoma pole pole kama mpiga taipu anayetafuta makosa. Akarekebisha herufi mbili. Halafu akachukua kalamu na, chini ya jina langu, akaandika lake.

Majirani kumi na mmoja wameongeza yao tangu siku hiyo. Mabati bado yapo, sitakudanganya. Swali la kwanza limejibiwa, mawili bado. Wiki ijayo tunaandika tena.