Kasha la Mbao Juu ya Kabati

Wiki jana nilimpeleka mpwa wangu nasari hapa Tena, mama yake alikuwa ameingia kazi mapema. Ana miaka minne na nusu, yuko PP1, na mkoba wake ulikuwa na vitabu vitano. Darasani, juu ya kabati, nikaona kasha la matofali ya mbao ya kuchezea, limefungwa kwa selotepu. Nikauliza mbona halifunguliwi. Mwalimu akacheka: "Hizo ni za siku ya wageni. Zikipotea nalipa mimi." Simlaumu sana, mshahara wake si wa kulipia mbao. Lakini nilitoka pale na hasira, ndiyo hii naimwaga hapa.

Hizo mbao zina historia, wasee. Mwaka 1837 Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua mahali pa watoto wadogo mjini Bad Blankenburg. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi Berlin akipanga fuwele za madini, kwa hivyo alikuwa mtu wa maumbo. Akatengeneza mchemraba wa mbao uliogawanywa vipande vinane vilivyo sawa. Mtoto anaubomoa, anaujenga upya, na mkono wake unajua kwamba vinne ni nusu na viwili ni robo kabla mtu hajamwandikia ubaoni. Sasa sikieni hii: mwaka 1851 serikali ya Prussia ilipiga marufuku shule za aina hiyo, ikidai zinafunza watoto ukafiri na siasa. Fröbel akafa mwaka uliofuata. Marufuku iliondolewa 1860. Serikali nzima, kuogopa watoto wa miaka mitano!

Marekani alikuja Caroline Pratt, mwalimu aliyejua useremala. Shule yake ya New York ilianza 1914. Tofali lake halikupakwa rangi, na urefu wake ni mara mbili ya upana, upana nao mara mbili ya unene. Watoto walitembezwa mitaani na bandarini, wakirudi wanajenga walichoona. Hiyo ni jiografia, na lugha pia, kwa sababu huwezi kujenga bandari na wenzako bila kubishana meli itatia nanga wapi.

Najua kuna mtu atasema hayo ni mambo ya wazungu wenye pesa. Hapana. Nasari nyingi za Kenya zilianzishwa na wazazi wenyewe kwa harambee. Kuanzia miaka ya 70 mwanzoni, Taasisi ya Elimu ya Kenya ilikuwa na mradi wa shule za chekechea hapa hapa Nairobi, ukisaidiwa na wakfu wa Bernard van Leer wa Uholanzi. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu ya watoto wadogo, NACECE. Walimu walifunzwa kutumia kilichopo: vifuniko vya soda, mbegu, mikebe, vipande vya mbao. Wazazi walihimizwa kutengeneza vya kuchezea wenyewe. Yaani tulikuwa tumeshaelewa.

Halafu 1985 ikaja 8-4-4, na mbio za mtihani zikateremka mpaka nasari. Mtoto wa miaka sita akawa anafanyiwa intavyuu ya kuingia darasa la kwanza. Ungempeleka huko akiwa anajua kujenga daraja lakini hajui kuandika jina lake? CBC ilipoanza rasmi 2019 ilirudisha mchezo kwenye vitabu vya serikali, na KCPE ya mwisho ikafanywa 2023. Lakini mzazi wa Tena bado anauliza swali lile lile jioni: leo mmeandika nini?

Mimi shule yangu ya kwanza ilikuwa nyuma ya karakana ya fundi wa fanicha. Tulikuwa tunaokota vipande anavyotupa, tunajenga Outer Ring kwenye vumbi, pakiti za maziwa ndizo matatu. Hapo nilijifunza kurudisha chenji, maana makanga wetu alikuwa mwizi. Nilijifunza kwamba ubao mfupi hauvuki mtaro hata ukilazimisha, na kwamba ghorofa ya tano haisimami kama chini umeweka kimoja. Tarehe 6 Desemba 2019 jengo la ghorofa lilipoporomoka Tassia, si mbali na hapa, na watu wakafa, nilikumbuka ile michezo. Sisemi aliyejenga pale hakucheza na mbao. Nasema uzito ni kitu unachoweza kukijua kwa vidole ukiwa na miaka mitano.

Basi Jumamosi nikaenda kwa fundi na gunia. Akanipa bure, akaniongezea na kipande cha msasa. Nililainisha kona mchana kutwa, mikono ikachubuka. Mpwa wangu akaanza kujenga steji ya matatu yenye paa. Ikaanguka. Akajenga, ikaanguka tena, akalia kidogo. Mara ya nne akaweka mbao pana chini bila mtu kumwambia, akarudi nyuma hatua mbili kuiangalia.

Mama yake akaingia saa moja usiku, akaivuka steji na viatu mkononi, akauliza kama kazi ya nyumbani imeisha.