Kikatamvujo: Kinga ya Umeme Penye Maji

Fyuzi haikuwekwa kumlinda mtu. Ile iliyomo ndani ya plagi zetu za miguu mitatu, ya ampea 13, kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Miliampea 100, ambazo hazifiki hata sehemu moja ya mia ya ampea hizo, zikipita kifuani kwa sekunde chache zinatosha kuvuruga mapigo ya moyo na kuua. Fyuzi haitahisi chochote.

Kwa hiyo bafuni, jikoni karibu na sinki, kwenye pampu ya kisima na kwenye soketi ya nje inayorushiwa mvua, panahitajika kifaa kingine. Mafundi wetu hukiita kwa herufi tatu, RCD. Wamarekani hukitaja kwa hitilafu ya ardhi, jina ambalo likitafsiriwa neno kwa neno linapotosha, maana msomaji atadhani ardhi ndiyo yenye kasoro. Ardhi haina kosa. Umeme ndio umeacha njia yake na kupitia ukuta uliolowa, gamba la pampu, au mwili wa mtu. Hali hiyo tayari tunayo kauli yake: umeme unavuja. Ndiyo sababu napendekeza kikatamvujo.

Jina hilo linaeleza na utendaji wa kifaa. Laini na nyutro hupita pamoja ndani ya pete ya chuma. Umeme unaokwenda ukilingana na unaorudi, nguvu zao za sumaku hufutana. Unaorudi ukipungua, koili ndogo iliyozungushiwa pete hiyo huamsha swichi, nayo hukata nyaya zote mbili. Kikatamvujo cha miliampea 30 hutakiwa kukata ndani ya milisekunde 300, na mvujo ukifika mara tano ya kiwango hicho, ndani ya milisekunde 40. Shoti mtu ataihisi, tena vibaya, lakini haitadumu.

Wamarekani wao wamechagua kiwango cha chini zaidi, takriban miliampea 5. Profesa Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyechunguza kwa miaka mingi athari za umeme mwilini, ndiye aliyebuni kifaa chao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1975 kanuni za nchi hiyo zikakidai kwenye soketi za bafuni.

Kikatamvujo kina mipaka yake. Ukishika laini kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, huku umesimama juu ya mpira mkavu, kitakuona kama birika tu na hakitakata. Wala hakiondoi haja ya waya wa ardhi na fimbo yake.

Kina kitufe chenye herufi T. Kibonyeze sasa hivi. Umeme usipokatika, mwite fundi leo. Na kama nyumbani kwako hakipo, anza na bafuni.