Upole sio unyonge

 

Leo nataka tuzungumze kuhusu upole. Kwetu tukisema fulani ni mpole, mara nyingi tuna maana kwamba akionewa ananyamaza. Dada zetu wanaopigwa na waume zao huambiwa wavumilie, kwa kuwa Mkristo ni mpole. Je, hao ndio wenye upole ambao Yesu aliwaita heri katika Mathayo 5:5? Hebu niwasimulie habari za nesi mmoja, Edith Cavell.

Alizaliwa mwaka 1865 huko Norfolk, binti wa kasisi wa Kianglikana. Alisomea unesi London, na mwaka 1907 akawa mkuu wa shule ya manesi mjini Brussels, Ubelgiji. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914 alikuwa likizo kwa mama yake. Angeweza kubaki, lakini alirudi kazini.

Wajerumani walipouteka mji ule, alisisitiza kwamba majeruhi wote wahudumiwe, hata wa Kijerumani. Na huyo huyo akawa anawaficha askari wa Uingereza na Ufaransa, wavushwe mpaka kwenda Uholanzi, ambayo haikuwa vitani. Inakadiriwa watu 200 hivi walisaidiwa namna hiyo.

Alikamatwa Agosti 1915. Alipohojiwa alikiri aliyoyafanya. Tarehe 12 Oktoba 1915 alipigwa risasi, akiwa na miaka 49. Usiku wa kuamkia siku hiyo alishiriki meza ya Bwana na kasisi Stirling Gahan, akamwambia kwamba kuipenda nchi yako peke yake hakutoshi, na kwamba hapaswi kuwa na chuki wala uchungu kwa mtu yeyote.

Sasa angalieni jamani. Huku kwao kifo chake kilitumiwa kuwahimiza vijana waingie jeshini wakalipize kisasi. Sanamu yake ilipozinduliwa mwaka 1920, karibu na Trafalgar Square, iliandikwa habari za Mfalme na Nchi. Yale maneno yake ya kutochukia yaliongezwa mwaka 1924, baada ya wanawake kuyaombea. Ushujaa wake watu waliupenda mara moja, ila upole wake uliwawia mgumu.

Mnaona upole ulipokaa? Haukuwa katika kunyamaza, maana amri ya watawala aliivunja na watu wakapona. Ulikuwa katika moyo uliokataa kuchukia.

Kwa hiyo dada anayepigwa akiondoka, akaenda polisi, akawalinda watoto wake, upole wake haujapungua hata chembe. Anayemrudisha akapigwe tena asiseme anamfundisha upole wa Kristo. Tafadhali wazee wangu, tukikaa vikao vya ndoa tulikumbuke hilo.