Msamiati wa SAT: Kukariri Orodha Ndefu Hakutoshi

Wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wanaotaka kusoma chuo Marekani huanza maandalizi ya SAT kwa kupakua orodha ya maneno magumu kwenye simu. Mtu anakariri mpaka usiku wa manane. Siku ya mtihani anakutana na neno alilolijua tangu kidato cha kwanza, na hilo ndilo linalomwangusha.

Mtihani umebadilika

SAT ilianza mwaka 1926, na kwa miaka mingi ilipima maneno adimu. Maswali ya maneno kinyume yaliondolewa 1994, ya ulinganifu 2005, na 2016 mtihani ukaachana na maneno yasiyotumika sana. Tangu 2023, watahiniwa walio nje ya Marekani wanaufanya kwa kompyuta.

Leo sehemu ya kusoma na kuandika ina maswali 54 kwa dakika 64, yaliyogawanywa katika moduli mbili. Kila swali lina kifungu chake kifupi, na maswali ya msamiati huja mwanzoni mwa kila moduli. Moduli ya kwanza ndiyo inayoamua ugumu wa ya pili. Ukiiharibu, unapewa ya pili iliyo nyepesi, na kufikia alama za juu kabisa inakuwa vigumu.

Mtego uko kwenye maneno ya kawaida

"Novel" wengi wanaijua kuwa ni riwaya, lakini kwenye kifungu cha sayansi huwa na maana ya kitu kipya. "Champion" ni bingwa, ila kama kitenzi ni kutetea jambo. "Check" inaweza kuwa kuzuia. Na "qualified support" si msaada wa mtu mwenye sifa, ni kuunga mkono kwa masharti.

Njia zinazosaidia

Funika majibu kwanza. Soma kifungu, kisha jaza pengo kwa neno lako mwenyewe, hata likiwa la Kiswahili. Baada ya hapo ndipo utafute jibu linalolingana nalo. Anayeanza na majibu huvutwa na neno linalosikika la kisomi.

Jifunze mizizi. Anayejua kwamba soma, msomi, somo na usomaji ni ukoo mmoja tayari ana ujuzi huo. Kwa Kiingereza, "mal" hubeba ubaya: "malice", "malevolent", "malign". Hata malaria ilitokana na maneno ya Kiitaliano yenye maana ya hewa mbaya.

Andika sentensi nzima. Kadi yenye neno na tafsiri yake tu husahaulika haraka. Maneno machache kwa siku, kila moja ndani ya sentensi yake, yakirudiwa kesho, baada ya siku tatu na baada ya wiki, hukaa kichwani kuliko mia moja ya usiku mmoja.

Fanya mazoezi halisi. Programu ya Bluebook ina mitihani kamili ya majaribio, na Khan Academy ina masomo ya SAT. Zote ni bure.

Na neno likigoma kabisa, usiache swali wazi. Jibu likikosewa halipunguzi alama, kwa hiyo ondoa majibu yasiyofaa, bahatisha kati ya yaliyobaki, songa mbele.